Kilifi hadi Kilwa kwa yoti: chakula, maji, gesi na mahali pa kushukia

mwambao_254

Wakuu, hamjambo. Tunapanga kushuka kutoka Kilifi hadi Kilwa Masoko kwa yoti ya mlingoti mmoja, futi 36, mkuku (uti wa chini wa chombo) unazama mita 1.8. Tuko watu wanne. Tunaondoka katikati ya Januari na upepo wa kaskazi, turudi upepo wa kusi ukishashika. Ramani tunazo na mahali pa kutia nanga tumeshapachagua. Kinachotusumbua ni tumbo na bafu.

Vituo tulivyopanga: Shimoni, Tanga, mji wa Unguja, Msasani (Dar), ghuba ya Chole kule Mafia, halafu Kilwa. Matangi ya maji ni lita 300, dizeli lita 120. Jokofu ni la lita 60 na haligandishi. Jiko linatumia mitungi midogo ya buluu ya Ulaya, ile ya kilo 2.75.

Naomba kujua: wapi tununue nini, wapi tusitegemee kitu, na wapi mtu anaweza kuoga maji baridi (yasiyo ya chumvi) na kufua bila kuhangaika? Jingine, soko tuliendee saa ngapi?

---

Tezi na Omo

Nianze na swali la mwisho, maana ndilo linaloharibu ratiba za wengi. Saa ya soko huipangi wewe wala muuzaji. Inapangwa na maji.

Tanga, Unguja na Dar, wakati wa bamvua (siku za maji makubwa), maji hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na kupwa kama saa nne asubuhi. Tofauti ya kujaa na kupwa inakaribia mita nne. Yaani saa ile ile soko limechangamka, ufuko umekauka, pengine mita mia kadhaa za matope, mawe na fuu. Wiki moja baadaye, maji mafu, mambo yanageuka: maji yamejaa saa nne asubuhi na tofauti ni kama mita moja tu. Kila siku nyakati zinasogea mbele kwa dakika hamsini hivi.

Kwa hiyo gawa manunuzi. Siku za maji mafu ndizo za vitu vinavyooza: nyama, samaki, mboga za majani, maziwa. Shuka saa mbili, rudi saa tano, kidau kinaelea muda wote. Siku za bamvua nunua vikavu, gesi na dizeli: shuka saa moja asubuhi, kabla maji hayajakimbia, acha kidau kikauke, rudi saa nane mchana maji yakipanda. Mchele ukikaa juani saa tatu hauna neno. Kuku atakuwa na neno.

Kidau cha mpira usikiache juu ya mwamba wenye fuu au chaza. Maji yakirudi na mawimbi madogo, chini kinasagwa. Tia kinanga cha kilo mbili au tatu upande wa nchi kavu, kamba ndefu kuliko unavyodhani, na mashine uifunge kwa mnyororo. Palipo na wavuvi, mlipe kijana mmoja akiangalie, mkubaliane bei kabla hujaondoka, na umlipe ukirudi.

Sasa vituo.

Shimoni ni pa kugonga pasi na forodha, basi. Chakula cha kupika utapata kidogo kidogo. Soko la maana liko Ukunda. Jaza kila kitu Kilifi au Mtwapa. Na kama chombo chenu kina deni la fundi, mlimalize huko huko, maana kusini kwa hapo mahali pa kupandisha yoti yenye mkuku mrefu ni pachache.

Tanga ndipo pa kujaza stoo, nami nasema hivyo bila kusita. Sababu ni Lushoto. Kabeji, karoti, viazi mviringo, nyanya, maplamu, peasi, vyote vinashuka kutoka Usambara na kufika soko la Mgandini vikiwa havijachoka. Mboga hiyo hiyo ukiikuta Unguja imeshapanda gari, ikavuka bahari na kukaa juani. Maziwa, mtindi na siagi pia Tanga ni kwao. Tieni nanga upande wa Raskazone. Klabu ya mashua iliyopo pale hupokea wageni kwa ada, kuna bafu, chakula na ufuko wa kushukia. Mjini mnakwenda kwa bajaji.

Mji wa Unguja: soko la Darajani, alfajiri kwa samaki, na msisahau viungo. Nanga mbele ya Forodhani inahangaishwa na mawimbi ya boti za abiria kutwa nzima, kwa hiyo aliyebaki chomboni asipike kitu cha mafuta mengi boti za asubuhi zinapotoka. Zanzibar wana ofisi zao, mkitoka bara mnaripoti upya. Jioni Forodhani kuna vyakula vya mkaa. Kula kinachochomwa mbele yako, achana na kilichokwisha kuiva kikakaa tangu magharibi.

Msasani ndipo pa starehe: klabu ya mashua inayopokea wageni kwa uanachama wa muda, maduka makubwa Masaki, dobi, mafundi wa mashine. Samaki nendeni soko la Feri, Kivukoni, kwa bajaji na kasha la barafu. Msijaribu kuingiza yoti kule katikati ya meli na vivuko.

Mafia na Kilwa nawaachia wengine.

---

Jikoni Baharini

Naongezea upande wa chakula, maana jokofu la lita 60 kwa watu wanne joto la Januari ni kabati la maziwa tu. Panga kana kwamba hulina.

Vinavyodumu bila ubaridi, kwa mpangilio wa kuliwa:

Siku tatu za kwanza ni mchicha, matembele, muhogo (ukishang'olewa unaanza kuwa mweusi ndani upesi), nyanya mbivu, ndizi mbivu. Wiki ya kwanza: biringanya, bamia, pilipili hoho, karoti, nyanya zilizonunuliwa zikiwa bado kijani. Wiki ya pili na kuendelea: kabeji, viazi, viazi vitamu, magimbi, vitunguu, ndimu. Boga zima lenye kikonyo linapita mwezi. Likikatwa, siku mbili. Nazi kavu zinakaa wiki nyingi, lakini itikise kabla ya kulipa: isiyolia maji ndani imekwisha.

Viazi na vitunguu visilale kapu moja, viazi vitachipua na vitunguu vitaoza kwa unyevu wa viazi. Kabeji usikate kwa kisu, bandua jani moja moja kutoka nje. Mayai nunua ambayo hayajaoshwa wala kuingia kwenye friji. Kivulini yanadumu wiki tatu hivi, yageuze kila baada ya siku mbili. Yai likielea kwenye bakuli la maji, baharini.

Hesabu ya wanne kwa siku kumi na nne, kwa ulaji wetu wa kawaida: mchele kilo 12, unga wa ngano kilo 6 (chapati na mahamri ndiyo mikate yenu, mkate wa duka unaota ukungu siku ya tatu), sembe kilo 5, maharage na choroko kilo 5, mafuta lita 3, sukari kilo 3, chumvi kilo 1, vitunguu kilo 5, viazi kilo 8, nazi 14, mayai trei mbili. Ng'onda au papa mkavu kilo 2 kwa siku ambazo ndoana haikushika kitu. Choroko zinashinda maharage chomboni kwa sababu haziombi kulowekwa wala gesi nyingi.

Sokoni watakupimia kwa sado (kopo la kupimia) au kwa mafungu. Fungu halina ubaya, ila angalia la chini yake. Kwa vitu vya kilo chukua mizani yako ndogo ya kuning'iniza. Na vikapu vyako: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya 2017 na Tanzania bara 2019, Zanzibar ilitangulia zamani, kwa hiyo hata ile mliyobaki nayo chomboni isishuke nayo mtu.

Katoni zisipande. Zote. Mende hutaga kwenye mikunjo ya katoni. Hamisha kila kitu ufukweni, uingize vikapuni. Mkungu wa ndizi uzamishe kwenye maji ya bahari dakika chache kabla ya kuupandisha, utaona wenyeji wake wanavyotoka. Unga na mchele weka kwenye chupa au ndoo zenye mfuniko wa kukaza, ukishavikagua fukusi. Gunia moja lenye fukusi linaambukiza stoo nzima.

Samaki: macho yawe ya wazi na yamevimba, mashavu mekundu, nyama ukibonyeza irudi. Hapo wengi wanajua. Wasichojua ni hili: jodari, nguru na kibua wakikaa bila barafu saa chache tu, mwilini mwao inajengeka sumu ambayo haitoki kwa kupika, kukaanga wala kwa ndimu. Samaki anaweza kuonekana mzima kabisa. Ukila ukasikia ulimi unawasha kama pilipili, acha. Uso ukiwa mwekundu na kichwa kikagonga, ndiyo hiyo. Kwa hiyo samaki hao wanunue tu kwa mvuvi mwenye barafu chomboni, si kwa aliyewafunika gunia. Penye shaka chukua changu, tasi au chewa mdogo. Bunju hata akitolewa bure, hapana. Kasa ni marufuku kwa sheria na nyama yake imeshaua watu Pemba zaidi ya mara moja.

Pweza anafuata bamvua, maana ndipo miamba inapoachwa wazi na wachokoaji wanaingia. Wiki ya maji mafu ukiuziwa pweza "wa leo", uliza mara mbili. Mchemshe bila maji kwenye sufuria ya presha dakika 15 hadi 20, atatoa maji yake mwenyewe.

---

mwambao_254

Asanteni sana, hii ya maji mafu na soko hatukuifikiria kabisa. Sasa gesi, maji na dizeli. Mitungi yetu tunaweza kubadilisha huko? Na maji ya bomba ya Tanga na Dar yanaingia tangini moja kwa moja?

---

fundi_chelezo

Gesi kwanza. Mitungi yenu ya Ulaya msahau kuibadilisha njiani. Kenya mtungi wa nyumbani ni wa kilo 6 au 13, Tanzania ni 6 au 15, na vichwa vya valvu haviko sawa kwa kampuni zote. Njia isiyo na kichefuchefu: mkifika Tanga nunueni mtungi wa kilo 6 wa kampuni inayopatikana kila mahali, pamoja na regyuleta yake, na mpira mpya. Mnabadilisha mtupu kwa uliojaa Unguja, Dar na hata miji midogo. Mkirudi Kenya mnauuza au kuugawa. Mtungi wa Kenya msitegemee kuubadilisha Tanzania, hata kama rangi inafanana.

Hesabu: plati moja kwa moto wa kawaida inakula gramu 150 hadi 200 kwa saa. Kilo 6 ni saa 30 hadi 40. Maharage bila presha ni saa mbili. Kwa presha, yakiwa yamelowa usiku kucha, dakika 25. Sufuria ya presha ndiyo mtungi wenu wa pili.

Hapa ndipo watu wanapojiua. Kisanduku cha gesi cha yoti kimetengenezwa kwa mtungi mdogo na kina tundu la kumwaga gesi nje. Wa kilo 6 hauingii, basi mtu anauweka ndani chini ya ngazi. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka hadi kwenye ngama (chini kabisa ndani ya chombo) na kukaa pale, haipandi puani, hadi cheche ya pampu ya ngama iikute. Mtungi ukae nje, kwenye tezi (nyuma ya chombo), umesimama wima, umefungwa kamba mbili, mbali na mlango wa kuingilia chini na mbali na toleo la moshi. Paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo, angalia mapovu kwa dakika nzima. Valvu ya mtungi ifungwe kila baada ya kupika, siyo kitufe cha jiko tu.

Maji. Ya bomba la mjini yanaweza kuwa sawa yakitoka mtamboni, lakini ninyi hamyachoti mtamboni, mnayachota kwenye tangi la mtu, kwa mpira wake, kwa dumu lenu. Chujeni kwa kitambaa safi, kisha tieni dawa. Kwa dawa ya kufulia ya klorini isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 3.5 hivi, ni matone matatu kwa lita, yaani kijiko kimoja cha chakula (mililita 15) kwa lita 100. Matangi yenu ya lita 300: vijiko vitatu. Subiri nusu saa kabla ya kunywa. Maji yakiwa na ukungu wa tope, dawa inaliwa na tope. Acha yatulie kwanza. Zile za madukani za kutibu maji fuateni kipimo cha kwenye chupa, maana nguvu zake si moja.

Maji ya visima vya pwani mara nyingi yana chumvi. Onja kabla ya kumwaga tangini. Hayo yatie madumuni kwa kuogea na kufulia, yasichanganywe na ya kunywa. Watu wanne, lita nne kwa kichwa kwa siku kwa kunywa na kupikia, vyombo vikisuguliwa kwa maji ya bahari na kusuuzwa tu kwa baridi: lita 300 ni siku 18. Mkioga maji baridi kila jioni ni siku sita au saba.

Kama kuna mashine ya kuchuja maji ya bahari (hamkusema), isioshwe kwa maji ya bomba yenye klorini bila kupitia chujio la mkaa, klorini inakula utando. Wala msiiwashe ndani ya hori lenye mikoko au bandarini penye mafuta juu ya maji.

Dizeli mtabeba kwa madumu kutoka kituo cha barabarani. Vituo vingi Tanzania bara vinakataa kujaza madumu ya plastiki, kwa hiyo muwe na ya chuma, mawili ya lita 20. Kila dumu chukua kidogo kwenye chupa ya kioo, liache dakika kumi: maji na uchafu vinakaa chini, vinaonekana. Mimina kwa faneli yenye chujio la kutenga maji, polepole, na robo lita ya mwisho ya dumu usiimimine. Bahari ikichafuka ndipo uchafu wa chini ya tangi unapokorogeka na kuziba filta, kwa hiyo bebeni filta za dizeli nne, siyo moja, pamoja na mpira wa kuziba wa kila moja. Kurudi mtahitaji mashine kidogo tu, mkondo wa pwani unapanda kaskazini mwaka mzima na kusi unausukuma. Kushuka ndiko mnakoupinga, kwa hiyo lita 120 zijae kabla ya kutoka Tanga na tena Msasani.

---

Chole Kwetu

Mafia: karibu kila kitu kisicho samaki, nazi au muhogo kinavuka kutoka bara, kwa Nyamisati au Dar. Bahari ikichafuka siku nne, Kilindoni inabaki na vitunguu na maembe. Kwa hiyo njooni mmeshiba. Soko, benki na kituo cha mafuta viko Kilindoni, upande wa magharibi. Ninyi mtakuwa ghuba ya Chole, mashariki, na katikati ni barabara, bajaji au bodaboda kutoka Utende. Msizungushe yoti hadi Kilindoni kwa ajili ya kabeji, fungu la mchanga limetanda mbali na maji yanapwa sana.

Ghuba ya Chole iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia. Ada ni kwa kila mtu kwa kila saa 24, kwa hiyo ukikaa wiki unalipia wiki. Ulizeni Utende mkifika, siyo mkiondoka. Ndoana ndani ya hifadhi ina masharti. Bafu na dobi ni kwa kuelewana na hoteli za Utende: mkila chakula cha mchana pale mara nyingi bafu linapatikana. Kupiga simu siku moja kabla ni muhimu, hoteli ndogo inanunua samaki kwa idadi ya wageni.

Jingine ambalo hakuna aliyelitaja. Ramadhani siku hizi inaangukia Februari na Machi, katikati ya safari yenu. Unguja, Mafia na Kilwa mchana mikahawa mingi imefungwa na si adabu kula wala kunywa hadharani, hata kwenye kidau mkikaribia ufuko. Lakini kuanzia saa kumi jioni barabara inajaa futari: viazi vitamu vya nazi, magimbi, mihogo, tambi, maandazi, uji wa pilipili manga. Mwezi huo badilisheni, mboga mnunue alasiri. Wiki ya bamvua inawafaa kabisa, maji yamejaa saa kumi.

---

Tezi na Omo

Nakubaliana na Chole Kwetu, ila kwa Kilwa: Masoko ina bandari yenye kina na kinga nzuri, soko dogo, benki, na samaki wa kutosha. Kibali cha kushuka Kilwa Kisiwani kinachukuliwa Masoko kabla ya kuvuka. Dobi msitegemee, mama mmoja mwenye beseni jirani na soko atawafulia mkimpelekea maji na sabuni.

Na laini ya simu: sajilini ya Tanzania hapo hapo Tanga, kwa pasi na alama za vidole. Pesa ya simu ya Kenya muuza nyanya wa Kilindoni haipokei, na noti ya elfu kumi asubuhi hana chenji yake. Vunjeni Tanga, muwe na mia tano, elfu moja na elfu mbili za kutosha hadi Kilwa.